Kakuru na mkataba wa Bujagali: kesi iliyoanguka, faili likafunguka

Ukimtaja marehemu Jaji Kenneth Kakuru leo, wengi hapa Uganda wanakumbuka Mbale, Julai 2018, pale majaji watano wa Mahakama ya Katiba walikaa kutoa hukumu juu ya kuondoa kikomo cha umri wa rais, wanne wakapitisha, yeye peke yake akakataa. Wengine watakutajia kesi ya Kabaziguruka ya 2021, ile iliyosema mahakama ya jeshi isihukumu raia. Hizo ni kubwa na sizipingi. Lakini mtu akiniuliza huyu mzee alikua loya wa aina gani, mimi namrudisha nyuma hadi 2001, Kakuru hajawa jaji, ni wakili tu wa Kampala na mmoja wa waanzilishi wa Greenwatch, shirika dogo la maloya wa mazingira lililoanza 1995, na namfungulia kesi moja ambayo ukiruka ukasoma ukurasa wa mwisho utasema hapa walipigwa.

Kesi yenyewe ni Greenwatch dhidi ya Mwanasheria Mkuu na UETCL, kampuni ya serikali ya kusafirisha umeme, Mahakama Kuu Kampala, namba 139 ya 2001. Hawakuomba bwawa lisimamishwe, wala fidia, wala waziri aburutwe kizimbani. Waliomba karatasi. Mkataba mmoja wa kununua umeme, ule watu wa sekta wanauita PPA, uliokua umesainiwa kuhusu bwawa la Bujagali na umefungiwa kabatini, na hakuna mwananchi aliyeruhusiwa kuusoma ingawa mwananchi ndio angeulipa.

Nieleze kwanza mto, manake bila mto kesi haieleweki.

Sisi wa Jinja tunaishi pale Naili inapotoka ziwani. Bwawa la Owen Falls, leo Nalubaale, linazalisha stima tangu 1954, na pembeni yake likaongezwa la Kiira lililoanza kazi karibu na 2000. Ukishuka na mto kama kilomita 8 hivi kulikua na maporomoko ya Bujagali, maji meupe yanayopiga kelele, vijana wa pale wakikuomba hela kidogo wanajitupa na jerikeni ya njano wanatokea upande wa pili wazima, watalii wanapiga makofi. Kwa Basoga pale palikua pia makao ya Budhagali, roho ya mto, na mzee anayeibeba hiyo roho alikua na heshima yake na maoni yake kuhusu bwawa. Serikali ikaona maporomoko hayo ni megawati zinazopotea bure. Na kusema kweli stima ilikua shida kubwa, Waganda waliounganishwa walikua wachache sana, viwanda vinalia, ile bodi ya zamani ya umeme, UEB, ilikua hoi mpaka ikavunjwa 2001 ikawa kampuni tatu, moja ya kuzalisha, moja ya kusafirisha, moja ya kusambaza. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba waliotaka bwawa walikua wabaya na waliolipinga walikua watakatifu. Nina majirani Walukuba, mtaa wa hapa Jinja, ambao hadi leo ukiwaambia habari za maporomoko wanakuuliza, sasa ulitaka tupikie kelele za maji?

Kampuni iliyopewa kazi ni AES Nile Power, tawi la AES ya Marekani. Walisaini na serikali mkataba wa utekelezaji, na chini ya huo ukaja PPA kati ya AES na UEB. UEB ilipokufa, UETCL ikarithi. Benki ya Dunia ikaidhinisha msaada wake Desemba 2001.

Sasa, Greenwatch hawakua wa kwanza kwenda kortini kuhusu Bujagali. NAPE, shirika la mazingira la Frank Muramuzi na wenzake, walienda 1999 wakitaka AES izuiwe kusaini kabla tathmini ya mazingira haijapitishwa na NEMA, mamlaka ya serikali ya mazingira. Zuio walinyimwa, ila jaji alikubali kwamba idhini ya NEMA kwa ile tathmini ni lazima kisheria. Soma hiyo vizuri kwa sababu ndio inaonyesha mahakama zetu zilikua zimesimama wapi: jaji yuko tayari kukwambia sheria inasema nini, ila hayuko tayari kuweka mguu mbele ya trekta. Mradi wa mamia ya mamilioni ya dola, rais anautaka, Bunge linaujadili, halafu jaji mmoja wa Mahakama Kuu aseme simameni? Kwa miaka ile hiyo ilikua ndoto. Greenwatch wenyewe 2001 waliomba zuio dhidi ya ujenzi kwenye uwanja wa gofu Kampala wakakataliwa, na ukipita pale unaona majengo.

Ndio maana nasema akili ya kesi ya Bujagali iko kwenye ombi lenyewe. Ukimwomba jaji asimamishe bwawa unamlazimisha achague kati yako na stima ya nchi nzima. Ukimwomba akupe mkataba usome, unamwekea mbele swali ambalo katiba ilishalijibu. Ibara ya 41 ya Katiba ya 1995 inasema kila raia ana haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali au chombo chake, isipokua pale kutolewa kwake kunaweza kuhatarisha usalama au mamlaka ya nchi, au kuingilia faragha ya mtu mwingine. Basi. Hakuna mahali imeandikwa "isipokua mwekezaji akinuna".

Na hapa nataka kukaa kidogo kwa sababu watu huwa wanauliza, sasa huyu si loya wa maji na mazingira, PPA na mazingira wapi na wapi? Karatasi za hela hizo, wahasibu wazisome. Hapana. Ule mkataba ulikua wa maji kuliko hata hizo ripoti za samaki na miti.

PPA ya namna ile inalipa uwezo wa mtambo. Yaani hununui stima uliyotumia peke yake, unalipia mtambo kua tayari kuzalisha, utumie usitumie. Ni kama umekodi boda kwa siku nzima, ukalala nyumbani na jamaa yuko stendi anakungoja, jioni unamlipa vile vile. Malipo yanahesabiwa kwa dola, kwa miaka mingi, na shilingi ikianguka ni juu yako. Sasa jiulize, siku maji ya mto yakipungua na mashine ziwe nzima lakini hazina cha kuzungusha, nani anabeba hasara? Mwenye mtambo au mnunuzi? Hilo swali linajibiwa na kipengele kimoja ndani ya PPA, na kwenye mpango wa Bujagali hatari ya maji iliangukia upande wa mnunuzi, maana yake UETCL, maana yake serikali, maana yake mwenye mita.

Sasa weka hapo Ziwa Victoria. Tangu enzi za Owen Falls kulikua na makubaliano kati ya Waingereza waliokua wanatawala hapa na Misri, kwamba maji yanayoachiliwa Jinja yafuate kiasi ambacho mto ungetoa wenyewe kama bwawa lisingekuwepo, ziwa likipanda unaachia mengi, likishuka unabana. Kuna mchoro kabisa wa kupimia. Na Bujagali iko chini ya Nalubaale na Kiira kwa hiyo inakula maji yale yale yaliyokwisha tumika juu, haina ziwa lake la kujitegemea. Ukiwa umeahidi kumlipa mtu wa Bujagali hata maji yakikosa, utashawishika kuachia maji zaidi ya mchoro ili angalau ulicholipia kizae stima. Huo ushawishi ni jambo la sheria ya maji kabisa, linamhusu mvuvi wa Masese hapa Jinja na wa Kisumu na Mwanza, na lilikua limekaa ndani ya hati ya biashara iliyoandikwa SIRI. Loya anayesoma tathmini ya mazingira peke yake asingeliona.

Turudi kortini. Mwanasheria Mkuu alikuja na hoja ambazo hata leo ukiomba mkataba wowote utakutana nazo. Kwanza, serikali si upande kwenye PPA, PPA ni kati ya AES na bodi ya umeme, kwa hiyo si hati ya umma. Pili, mkataba una kipengele cha usiri, tukiutoa tutakua tumevunja ahadi. Na wale wa UETCL nao wakasema sisi ni kampuni, hiyo ibara ya 41 haituhusu.

Hoja ya kwanza ukiitazama ni ya ujanja. Unaunda kampuni yako, kampuni inasaini, halafu wewe mwenye kampuni unasema mimi sijui, muulizeni kampuni, na kampuni inasema mimi sio serikali. Mwananchi anabaki katikati anarushwa kama mpira. Jaji Fredrick Egonda-Ntende hakuumeza. Aliangalia mkataba wa utekelezaji, ambao hauna ubishi kwamba serikali yenyewe iliusaini, akaona PPA imeingizwa ndani yake kama sehemu ya mkataba huo, akasema hati hizo ni za umma. Hapo katikati ya hukumu Greenwatch walikua wameshinda kitu ambacho hakuna aliyewahi kushinda Uganda kabla: kwamba mkataba wa serikali na mwekezaji binafsi kuhusu mto wa taifa ni mali ya kusomwa na wananchi.

Halafu ikaja sehemu ya uraia.

Ibara ya 41 inasema "kila raia". Greenwatch ni kampuni iliyosajiliwa. Je kampuni ni raia? Jaji alikubali kwamba mtu wa kisheria kama kampuni anaweza kuhesabika raia kwa ajili ya ibara hiyo. Mlango ukawa wazi. Lakini akaendelea, je, Greenwatch wameonyesha kwamba wao ni raia? Akatafuta kwenye karatasi zao, ushahidi haukuwepo. Kwa hiyo amri ya kukabidhiwa mkataba hawakuipata. Novemba 2002, mwisho wa mchezo, kwenye karatasi.

Mimi hapa huwa nakasirika kidogo kila nikisoma, na nawaambia wanafunzi wa sheria wakasirike pia. Kesi nzuri hivi, hoja kubwa hivi, halafu inakwama kwenye kitu ambacho kiapo kimoja chenye majina ya wanachama na uraia wao kingemaliza. Au wangemuweka mtu mmoja, Mganda mmoja mwenye kadi yake, awe mwombaji wa pili. Kuna wanaomtetea Kakuru wanasema swali la kampuni kua raia halikua limewahi kuulizwa, nani angejua? Sawa, lakini neno "raia" liko kwenye mstari wa kwanza wa ibara yenyewe uliyoenda nayo kortini. Tuseme tu walikazia macho ukuta mkubwa wakasahau kizingiti. Na sidhani ukimsema hivo unampunguzia heshima, kesi za mwanzo ndio zilivyo, hakuna aliyekutangulia kukuonyesha shimo liko wapi.

Lakini angalia kilichofuata. Serikali ilikua imeshinda kwa njia ambayo haikuweza kuitumia. Jaji ameshasema hati ni ya umma. Kilichobaki ni Mganda yeyote mwenye uthibitisho aende kesho asubuhi na ombi lile lile. Na Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia, ambalo NAPE na wenzao walilipelekea malalamiko 2001, lilikua limeshasema kwenye ripoti yake ya 2002 kwamba kuficha PPA kunawanyima watu nafasi ya kushiriki kwa maana. Presha ikawa pande mbili. Mwezi ule ule wa Novemba mkataba ukatoka.

Ulipotoka haukubaki kua mapambo ya ushindi. Prayas, kikundi cha wataalamu wa nishati kutoka India ambao walikua na uzoefu wa mikataba kama hii kwao, wakaupekua kifungu kwa kifungu, na wakasema Waganda wangelipa mamilioni ya dola kila mwaka zaidi ya inavyostahili ukilinganisha na miradi ya aina hiyo. Ghafla mjadala ukabadilika. Kabla ya hapo ukipinga Bujagali unaitwa adui wa maendeleo, mpenda vyura. Sasa swali likawa la bei, na bei kila mtu anaielewa, hata yule jirani yangu wa Walukuba.

2003 AES ikaondoka. Hapa tuwe waaminifu, Greenwatch hawakuifukuza AES. Kampuni yenyewe ilikua na matatizo makubwa ya hela kwao baada ya soko la umeme Marekani kuyumba, na kulikua na uchunguzi wa madai ya rushwa kwenye mradi uliokua umewatisha wafadhili. Mtu akikuambia kesi moja ya Kampala iliangusha kampuni ya Marekani anakuuzia maneno. Kesi ilichofanya ni kuhakikisha kwamba mradi uliporudi mara ya pili, watu walijua pa kuangalia.

Na ulirudi. Ujenzi ulianza 2007 chini ya Bujagali Energy, wakiwemo Sithe Global na kampuni ya mtandao wa Aga Khan, ukazinduliwa Oktoba 2012, megawati 250. Katikati hapo, 2005 na 2006, tulipata kipindi ambacho watu wa Jinja hatusahau: ukame, ziwa likashuka sana, huku mabwawa ya juu yakiachia maji zaidi ya ule mchoro wa zamani, gati za Masese zikabaki zinaning'inia juu ya matope, na mgawo wa stima ukawa siku moja unayo siku moja huna. Yaani lile swali la nani anabeba hatari ya maji likajibiwa mbele ya macho yetu kabla hata Bujagali haijajengwa. Fikiria tungekua tayari tumefungwa na PPA ya AES mwaka ule.

Je, mkataba wa pili ulikua bora? Mimi sina jibu la kumfurahisha mtu. Stima ya Bujagali ilitoka ghali, zaidi ya senti 10 za dola kwa uniti wakati ya Nalubaale ni sehemu ndogo ya hapo, rais mwenyewe akaja kulalamika, msamaha wa kodi ukatolewa, na 2018 mikopo ikapangwa upya ili bei ishuke kuelekea senti 8. Kwa hiyo kusoma mkataba hakukutuponya na mkataba. Tofauti ni kwamba safari hii malalamiko yalikua na namba ndani, Bunge lilibishana juu ya malipo ya uwezo na faida ya mwekezaji kwa kutaja vipengele, sio kwa uvumi wa vijiweni.

Maporomoko yalizama. Hilo nalisema kwa kifupi kwa sababu kesi hii haikuomba yaokolewe na isingeweza. Kulikua na ahadi kwamba maporomoko ya Kalagala, chini zaidi, yatahifadhiwa kama fidia ya Bujagali, halafu bwawa la Isimba likajengwa, megawati 183, likafunguliwa Machi 2019, na maji yake yakarudi nyuma hadi kwenye eneo lililoahidiwa. Hiyo nayo ni kesi ya kuandikiwa peke yake.

Sasa ukiiweka hii kesi kwenye kazi nzima ya Kakuru unaona mtindo. Mwaka 1995 Uganda ilipata katiba mpya yenye ibara ya 39, haki ya mazingira safi na salama, ikapata sheria ya mazingira, ikapata sheria ya maji, ikapata NEMA, vyote vipya. Na ibara ya 50 ikasema mtu au shirika lolote linaweza kwenda kortini kwa ajili ya haki za wengine, wakati zamani ulitakiwa kuonyesha wewe mwenyewe umeumizwa kuliko jirani. Ibara ya 237 ikaweka maziwa, mito na ardhi oevu mikononi mwa serikali kama mdhamini tu wa wananchi. Silaha zote hizo zilikua bado kwenye makaratasi ya kufungia, majaji wengi hawakuzisoma chuoni kwa sababu hazikuwepo. Maloya wengine walisubiri kesi kubwa ya kutamba nayo. Greenwatch walifanya kazi ambayo haina picha nzuri ya gazetini, waliendesha mafunzo kwa majaji na mahakimu na maafisa wa serikali kuhusu sheria ya mazingira, wakatoa na kitabu cha mwongozo, huku wakiendelea kupeleka kesi. Kuna watu wanaona hapo kuna walakini, loya anamfundisha jaji atakayemsikiliza kesho. Naelewa. Ila mafunzo yalikua wazi, upande wa serikali nao walikaa humo humo, na mbadala wake ulikua jaji anayesikia neno "tathmini ya mazingira" kwa mara ya kwanza siku ya kesi.

Uvumilivu ndio kitu kingine. Kesi ya kaveera, kuhusu mifuko ya plastiki, Greenwatch waliifungua 2002 na Jaji Eldad Mwangusya akaitolea uamuzi 2012, kwamba kaveera zinavunja haki ya mazingira safi. Miaka 10 kwa ajili ya mfuko wa kubebea nyanya! Na bado ukienda soko lolote leo unapewa kaveera. Mtu wa kutafuta sifa angeshaacha zamani.

Halafu 2013 Kakuru akaingia Mahakama ya Rufaa, ambayo ndio hukaa pia kama Mahakama ya Katiba. Egonda-Ntende, baada ya kua Jaji Mkuu wa Seychelles, naye akarudi akakaa mahakama hiyo hiyo, kwa hiyo yule aliyenyimwa amri 2002 na yule aliyemnyima wakawa wanakunywa chai chumba kimoja. Na ukisoma Kakuru wa Mbale 2018, anavyoshikilia kwamba wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa kabla ya katiba yao kubadilishwa, unamsikia loya wa Bujagali anaongea: huwezi kuamua jambo la watu wakiwa gizani halafu uwaambie walikua sehemu ya uamuzi. Alistaafu mapema kwa sababu ya ugonjwa, akafariki Machi 2023. Ile hoja yake ya Kabaziguruka Mahakama ya Juu ikaithibitisha Januari 2025, hakuwepo kuiona.

Upande wa kuomba hati, Bunge lilipitisha sheria ya kupata taarifa 2005, ambayo sasa inakupa utaratibu: unaandika kwa afisa wa taarifa wa ofisi husika, anatakiwa kukujibu ndani ya siku 21, akikataa unaenda kwa hakimu mkuu. Msijidanganye kwamba ni rahisi. Waandishi wawili wa habari waliomba mikataba ya mafuta kwa sheria hiyo, na 2010 korti ya Nakawa ikawakatalia, ikaona hawakuonyesha kwamba faida ya umma inazidi madhara ya kuitoa. Ukilinganisha na 2002 unaona kitu cha ajabu, zamani kabla ya sheria ya utaratibu jaji alianzia kwenye haki na akatafuta sababu ya kuizuia, baada ya sheria kupatikana mwombaji ndio anabebeshwa mzigo wa kueleza anaitakia nini. Kwa maoni yangu uamuzi wa Nakawa ulikua mwembamba mno, na loya anayekwenda na ombi la mkataba leo aanze na Greenwatch wa 2002, ni uamuzi wa Mahakama Kuu na una uzito kuliko wa hakimu.

Nimeandika yote haya kwa sababu kuna vijana wa upande wa Masese waliniuliza juzi, kuna mtu anamwaga udongo na kujaza ukingo wa ziwa, kazungushia mabati, wakimuuliza anasema ana ruhusa. Kanuni za 2000 za ardhi oevu na kingo zinalinda mita 200 kutoka maji ya Ziwa Victoria, na mita 100 kwa mito mikubwa kama Naili, huwezi kufanya shughuli humo bila kibali. Walitaka kwenda moja kwa moja kortini kuomba zuio. Nimewaambia kwanza ombeni hicho kibali na masharti yake na tathmini kama ipo, kwa maandishi, NEMA na halmashauri ya mji, barua mbili tofauti, kila moja igongwe muhuri wa kupokelewa mbele yenu na kopi mbaki nayo, mhesabu siku 21 kuanzia tarehe ya huo muhuri. Na kwa kua wana chama cha wavuvi kilichosajiliwa, ombi lisitoke kwa jina la chama peke yake. Liwe na majina ya wanachama wasiopungua watatu hivi, na nyuma ya kila jina kopi ya kitambulisho cha taifa, pande zote mbili.